Kesho Isiyoonekana: Njeo Ijayo ya Kihispania na Sikio la Mswahili

Mswahili aanzaye kujifunza Kihispania aghalabu hupewa kitabu kilichotungwa kwa ajili ya msomaji wa Kiingereza. Humo hukuta jedwali la njeo ijayo la kitenzi cantar, yaani kuimba: cantaré, cantarás, cantará, cantaremos, cantaréis, cantarán; na ubavuni mwa kila neno, tafsiri yake ya Kiingereza. Mwanafunzi huichukua tafsiri hiyo, kisha akaigeuza tena kwa lugha yake: nitaimba, utaimba, ataimba, tutaimba, mtaimba, wataimba. Mzunguko huo humfikisha, lakini humfikisha akiwa amechoka na njiani ameshaangusha mengi. Laiti angalielekezwa mapema, angaligundua kuwa nyumba ya lugha yake ina mlango unaotazamana na mlango wa Mhispania, na kwamba kutoka huku kwenda kule hakuna haja ya kupitia London.

Na hili si jambo la kufaulu mtihani pekee. Mwaka 2018 Kenya ilipokea madaktari wapatao 100 kutoka Kuba, na madaktari wa Kenya wapatao 50 wakaenda Kuba kusoma. Zanzibar nayo imepata kuwa na madaktari wa Kuba, na vijana wake wamesomeshwa udaktari na walimu wa Kikuba. Basi iwapo daktari wa namna hiyo amesimama mbele ya kitanda cha mgonjwa, akasema: Tendrá fiebre, mwanafunzi aliyehifadhi jedwali ataelewa kuwa homa inakuja, naye atakaa kuisubiri. Kumbe daktari huenda amesema jambo jengine kabisa: kwamba mgonjwa, hapo alipolala, yumkini ana homa tayari. Neno ni lile lile na njeo ni ile ile. Lakini maana moja ni habari ya kesho, na nyengine ni dhana juu ya saa hii. Asiyejua tofauti hiyo anaweza kumchelewesha mtu aliyehitaji kupimwa papo hapo.

Ili kuelewa vipi neno moja lilipata kubeba mizigo miwili, hapana budi kutazama lilikozaliwa.

Deni

Kilatini, mama wa Kihispania, kilikuwa na njeo ijayo ya neno moja. Cantabo ilikuwa nitaimba, na cantabit ilikuwa ataimba. Lakini cantavit, iliyotofautiana nayo kwa herufi moja, ilikuwa aliimba. Kadiri karne zilivyopita, sauti ya b katikati ya neno ilisogea ikakutana na v, hata watu wa kawaida wakawa hawasikii tofauti baina ya aliyekwisha kuimba na atakayeimba. Lugha haiwezi kuvumilia ufukara wa namna hiyo. Wasemaji wakajenga upya kwa vifaa walivyokuwa navyo mkononi. Walichukua kitenzi katika hali yake ya msingi, cantare, wakakifungia kitenzi kingine, habeo, yaani nina. Cantare habeo: nina kuimba, nina deni la kuimba, jambo hilo liko juu yangu. Mswahili hahitaji kufafanuliwa sana hapa, maana naye husema “nina neno la kukwambia” na “nina safari,” na msikilizaji akaelewa kuwa neno halijasemwa na safari haijafungwa.

Maneno hayo mawili yalisuguana hata yakashikana. Viishio vya jedwali vinavyomtisha mwanafunzi si chochote ila ni masalia ya kitenzi haber, ambacho leo ni kitenzi kisaidizi: he, has, ha, hemos, habéis, han. Herufi h haitamkwi katika Kihispania. Basi ukiiondoa, na ukaliondoa na hab la habéis, utabaki na é, ás, á, emos, éis, án. Hizo ndizo tamati za njeo ijayo kwa kila kitenzi, bila ya kubagua. Antonio de Nebrija, aliyetoa sarufi yake ya Kikastilia mwaka 1492 na kuitunukia kwa Malkia Isabel, alikwisha kuliona fundo hilo na kulieleza.

Ushahidi wa kale wa muungano huo una ladha ya hekaya. Katika karne ya 7, mwandishi wa tarehe ajulikanaye kwa jina la Fredegar, katika nchi ya Wafaranki, alisimulia kisa cha Kaisari Justinian na mfalme wa Waajemi aliyeshindwa vitani. Kaisari alimtaka arejeshe majimbo. Mfalme akakataa kwa kitenzi cha kale, dabo, akisema hatatoa. Kaisari akamkatiza kwa kitenzi kipya cha mtaani: daras, utatoa! Mwandishi anadai kuwa mji wa Daras ulipata jina lake kwa jibu hilo. Mji huo kwa hakika ulikwisha kujengwa na Kaisari Anastasius kabla Justinian hajatawala. Lakini hekaya hiyo imehifadhi jambo la thamani kuliko jina la mji. Njeo ya kale na njeo mpya zinaonekana ana kwa ana, na ile mpya imo kinywani mwa mtu anayedai.

Kireno, ndugu wa Kihispania aliyewaachia Waswahili meza na leso, hadi leo huonyesha mshono wa nguo hiyo. Katika maandishi yake rasmi mtu anaweza kuandika dar-te-ei, nitakupa, akakipenyeza kiwakilishi te katikati ya kitenzi na kiishio chake. Kihispania cha zama za kati kilifanya vivyo hivyo, kisha mshono ukazibwa.

Viko vitenzi kumi na viwili vya asili ambavyo havifuati jedwali sawasawa, na ndivyo vitumikavyo kila siku: tener huwa tendré, venir huwa vendré, poner huwa pondré, salir huwa saldré, na wenzao. Mwanafunzi huambiwa avihifadhi kama mtu anayehifadhi namba. Lakini sababu yake imo kinywani mwake mwenyewe. Vokali ya katikati ilidondoka, n ikagongana na r, na ulimi ukaomba daraja la kuvukia. Daraja hilo ni d. Mswahili hufanya hivyo kila siku bila ya kufundishwa: mti ni mrefu, lakini kamba ni ndefu, ulimi ni mmoja, lakini zikizidi huwa ndimi. Aliyesema “njia ndefu” tangu utotoni hana sababu ya kushangaa tendré.

Utashi

Mhispania alikopa kesho yake kutoka katika “kuwa na.” Mswahili naye aliikopa wapi? Kiambishi -ta- hakikuanguka kutoka mbinguni. Wanaisimu hukitazama kuwa ni mkato wa kitenzi taka, na mahali ambapo lugha imehifadhi umbo kamili pangali papo wazi kwa kila mwenye macho. Husemwa “mgeni atakuja,” lakini “mgeni atakayekuja”, “nitafika,” lakini “nitakapofika”, “yatatokea,” lakini “yatakayotokea.” Penye kirejeshi, taka inarudi na silabi zake zote mbili. Tena kitenzi hicho chenyewe kingali kikifanya kazi ya kutabiri: mvua inataka kunyesha, ukuta unataka kuanguka, jua lataka kuchwa. Ukuta hauna utashi, na jua halina matamanio. Aliye na macho ndiye anayeona dalili.

Wapenzi wa ushairi wanalijua zaidi jambo hili, kwa kuwa washairi wa mwambao huipunguza “nitakwambia” ikawa “takwambia” ili mizani isizidi. Hapo nafsi ya kwanza inamezwa na utashi wake.

Basi njeo mbili hizi zimezaliwa katika nyumba tofauti, moja ya deni na moja ya kutaka, lakini zinafanana kwa jambo moja kubwa: hakuna hata moja iliyoanza kuwa jina la wakati. Zote zilianza kuwa majina ya hali ya msemaji mbele ya jambo asiloliona. Na kwa kuwa zilianza hivyo, asili yao haikufutika, ndiyo maana zikaweza kuhama kutoka kesho na kuja kukaa katika sasa.

Hapa pia panafaa kutajwa neno la nafsi. Katika cantaré mwimbaji amejificha mkiani, na katika nitaimba amekaa kichwani. Kwa vyovyote vile yumo ndani ya kitenzi. Mwanafunzi aliyepitia Kiingereza hurundika yo mwanzoni mwa kila sentensi. Angaliuliza sikio lake la Kiswahili, lingalimwambia kuwa anayesema “mimi nitaimba” anajitenga na wenziwe, kana kwamba kuna anayebisha. Yo cantaré nayo huwa na harufu hiyo hiyo ya kubishana.

Dhana

Mtu akibisha hodi usiku, Mhispania aliye ndani huuliza: ¿Quién será? Tafsiri ya jedwali ni “atakuwa nani?” nayo Mswahili haimtatizi hata kidogo, maana ndivyo anavyosema: “Huyo atakuwa nani saa hizi?” Mgonga mlango hatakuwa mtu kesho, ni mtu sasa hivi. Kilicho mbele ni ujuzi wa yule anayeuliza. Yeye ndiye ambaye bado hajajua, naye atajua akifungua.

Mhispania asiye na saa mkononi husema Serán las tres. Mswahili husema “itakuwa saa tisa,” mradi akumbuke kuwa Mhispania huanza kuhesabu usiku wa manane na mchana kati, ilhali yeye huanza machweo na macheo. Mhispania aliyemtuma mtoto bandarini husema Habrá llegado, Mswahili husema “atakuwa ameshafika.” Hata ile tofauti ya ser na estar, inayowatoa jasho wanafunzi wa mataifa mengi, hupata mahali pake hapa. Será médico: atakuwa ni daktari. Estará en casa: atakuwa yupo nyumbani. Penye ni, mara nyingi Mhispania huweka ser. Penye yupo na yuko akimtafuta mtu alipo, huweka estar. Na penye -me- ya hali iliyompata mtu, kama amechoka, huweka estar vilevile: está cansado, au kwa kukisia, estará cansado, atakuwa amechoka.

Kwa hiyo Tendrá fiebre ya daktari haina siri kwa mwenye Kiswahili. Ni “atakuwa ana homa,” na kila mama wa mwambao amewahi kuitamka huku amemwekea mtoto mkono kwenye paji la uso. Asemaye hivyo hatangazi yajayo. Anatafuta kipimajoto.

Kwenda

Mwanafunzi akishaijua cantaré huenda mitaani kuitafuta, naye hushangaa kuisikia mara chache. Katika mazungumzo ya kila siku, hasa katika nchi za Amerika, wengi hutumia kitenzi ir, kwenda, kikifuatwa na a: voy a cantar, vas a cantar, va a cantar. Mambo yaliyokwisha kupangwa au yaliyo karibu huenda huko. Husemwa va a llover na mtu anayeliona wingu limeshapanda. Vamos a comer huwa na maana mbili, “tunakwenda kula” na “haya, tule,” na mara nyingi ni uso na sauti ya msemaji ndivyo vinavyoamua. Na pale ambapo ratiba imeshafungwa, njeo ya sasa yatosha: Mañana salgo, “kesho naondoka.” Mswahili anayesema “kesho naenda Pemba” hana haja ya -ta-, kwani tiketi imo mfukoni.

Hapo ndipo cantaré, iliyopungua matumizi katika mambo madogo, ilipojipatia heshima ya mambo mazito. Hubaki katika ahadi, katika amri, katika maandishi rasmi, na katika dhana. Mzazi aliyekasirika husema Harás lo que te digo, “utafanya ninavyokwambia,” na ndani ya neno hilo Kaisari wa Fredegar angali akidai. Atakaye kumwahidi mwenziwe jambo na akaaminiwa, hupima iwapo atasema voy a volver, ambayo ni mpango, au volveré, ambayo mara nyingi huvaa vazi la nadhiri. Sarufi haitoi hukumu ya moja kwa moja; lakini sikio la mwenye lugha husikia uzito, kama vile sikio la Mswahili lisikiavyo tofauti baina ya “narudi” na “nitarudi” kutoka kwa mtu anayepanda jahazi.

Sharti

Kosa linalowakumba wengi lipo katika neno cuando, wakati ambapo. Mwanafunzi hufikiri “utakapokuja tutazungumza,” akaandika cuando vendrás, na mwalimu akamwekea mstari mwekundu. Mhispania hakubali kuipa njeo ijayo jambo linalosubiriwa baada ya cuando. Hulipa umbo la kutaka na kutarajia, lile linalofanana na “uje” na “aseme”: cuando vengas, hablaremos. Tiba ya Mswahili ni nyepesi. Badala ya “utakapokuja,” na afikiri “ukija.” Kiambishi -ki- nacho hakisemi kuwa jambo litakuwa, huliweka pembeni kama sharti, na -ta- ikabakia kwenye jibu: ukija, tutazungumza. Baada ya si, kama, Mhispania hutumia njeo ya sasa: si vienes, hablaremos. Hapo pia “ukija” inatosha.

Zamani Kihispania kilikuwa na umbo maalumu kwa ajili ya sharti la namna hii, nalo limebakia katika lugha ya sheria na katika methali. Adonde fueres, haz lo que vieres: popote utakapokwenda, fanya utakayoyaona. Waswahili walikwisha kuisema: ukenda kwa wenye chongo, fumba lako jicho.

Na hapa milango miwili inafunguka katika ua mmoja. Sehemu za Hispania zilikuwa chini ya tawala za Kiislamu tangu mwaka 711 hadi Granada ilipoanguka mwaka 1492, mwaka ule ule wa sarufi ya Nebrija. Kiarabu kiliacha humo maelfu ya maneno. Azúcar na sukari ni ndugu. Ojalá, ambayo Mhispania huitumia kutamani jambo, chimbuko lake ni tamko la Kiarabu cha Andalusia lenye maana ya “Mungu akitaka”. Nayo hufuatwa na lile lile umbo la kutaka: ojalá venga, laiti aje. Na hasta, kwa maoni yanayokubaliwa sana, imetoka katika hatta, iliyowapa Waswahili hata. Msomaji wa tenzi, aliyezoea “hata” yenye maana ya mpaka, atalitambua hasta mañana bila ya mkalimani. Msikilizaji wa leo ataitambua maana nyengine pia: hasta los niños lo saben, hata watoto wanalijua. Maana zote mbili zilisafiri pamoja katika bahari mbili zilizo mbali.

Mhispania akishapanga yote hayo ya kesho huongeza si Dios quiere. Mswahili huongeza inshallah, au Mungu akipenda. Hakuna kati yao anayesema “atapenda,” na sarufi za lugha zote mbili zimekubaliana juu ya adabu hiyo.

Mkazo

Ipo hatari moja ambayo Kiswahili hakimkingi mwanafunzi wake, bali humtumbukiza. Mswahili huweka mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho, na mazoea hayo yamekaa ulimini kuliko sarufi yoyote. Njeo ijayo ya Kihispania, isipokuwa cantaremos na wenziwe wa nafsi hiyo, mkazo wake umo katika silabi ya mwisho, na alama juu ya vokali ni onyo. Hablará ni atasema. Hablara, yenye mkazo katikati, ni umbo la sharti na tamanio: lau angesema. Canto ni naimba. Cantó ni aliimba. Mwanafunzi anayelainisha hablará ikawa hablara amemwondolea msikilizaji ahadi, akampa majuto. Hakuna jedwali litakalomponya ila kusema kwa sauti na kusikiliza.

Mshairi ataponea haraka zaidi, kwa kuwa mkazo huo una hesabu yake katika ushairi. Mshororo maarufu wa romance, masimulizi ya kale ya Hispania, una mizani 8. Wapo wanaouandika kwa jozi, 8 na 8, wakapata 16 pamoja na mapumziko katikati, mfano wa ukwapi na utao wa shairi la mwambao. Lakini mshororo ukikomea kwa silabi yenye mkazo, Mhispania huhesabu moja ya ziada. Mshororo unaoishia kwa cantaré huwa na silabi 7 zinazosikika na mizani 8 zinazohesabiwa. Silabi ya nane ni kimya. Mshairi aliyekulia katika hesabu ya vina na mizani ataifahamu kanuni hiyo kwa siku moja, na akishaifahamu hatalainisha tena mwisho wa cantaré, kwa kuwa angelivunja shairi.

Sarufi ya nyumbani

Mwaka 1847, huko Chile, Andrés Bello wa Caracas alichapisha sarufi ya Kihispania aliyoikusudia kwa watu wa Amerika. Miongoni mwa aliyoyashikilia ni kwamba lugha hii isipimwe kwa kanda ya Kilatini. Ipimwe kwa mwenendo wake yenyewe, na njeo zake ziitwe kwa kazi zinazozifanya. Kabla yake wengi walilazimisha vitenzi vya Kihispania viketi katika viti vya Kilatini, na ambavyo havikuenea viliitwa vipungufu.

Kiswahili nacho kimeketishwa katika viti vya wengine. Tangu Edward Steere alipotoa kitabu chake cha mwongozo mwaka 1870, akikieleza Kiswahili cha Unguja kwa Kiingereza, -ta- imeitwa njeo ijayo, na “atakuwa ameshafika” haikupata nafasi iliyostahili. Wageni hawana lawama. Waliandika kwa haja zao. Lakini Mswahili wa leo anayetaka Kihispania, awe mtembezaji wa watalii au mwanafunzi wa udaktari, anahitaji kitabu kinachoanzia ukumbini kwake: kitakachomweleza haber kwa “nina safari,” tendré kwa “ndefu,” será kwa “atakuwa nani,” cuando vengas kwa “ukija,” na hasta kwa “hata.” Kitabu cha namna hiyo hakitakuwa kikubwa. Sehemu kubwa ya mafunzo yake imo tayari vinywani mwa watakaokisoma, na atakayekiandika atakuwa, pengine bila ya kukusudia, ameandika pia sura kadhaa za sarufi ya Kiswahili.